Saa Moja na Nusu hadi Albertville

Walimu wenzangu, na ninyi majirani wa Kavimvira mnaonisimamisha kila nikipita na baiskeli: nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja amesikia habari ya mapipa, mwingine habari ya homa, na yule mwenye duka la chumvi anaeneza kwamba jeshi lilinikamata kwa kosa la kumteka mama mzee. Sikumteka mtu. Leo ni Jumapili, nimetoka misa, nimekaa barazani na daftari. Naandika yote tangu mwanzo, mpeane msome, kisha mniache nipite.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoniponza. Kwenye ramani ya darasani, ukiweka rula kati ya Kamembe, uwanja wa ndege wanaoutumia watu wa Bukavu, na Albertville, ambayo wenyeji wanaiita Kalemie, unapata kilomita mia tatu na themanini hivi. Ndege zile za injini mbili zinakwenda kilomita mia mbili na sitini kwa saa. Gawanya. Inakuja karibu saa moja na nusu. Na kweli, siku ya kurudi nilitazama saa yangu tangu magurudumu yalipoacha ardhi, ikawa saa moja na dakika ishirini na tano. Habari ya kurudi imeishia hapo. Ni kwenda ndiko kulikochukua siku kumi na nane.

Sababu ya safari mnaijua nusu. Mke wangu Ester ni muuguzi, alipelekwa kazini Albertville kabla njia haijafungwa. Nilimtembelea likizo moja, nikarudi na meli, na baada ya hapo waasi wakashika pwani ya kusini, meli ikasimama. Miezi ikapita. Ndipo ikanifikia barua ya muuguzi mwenzake, Yulita, iliyoletwa na abiria wa ndege. Aliandika kwamba Ester ana mimba ya miezi saba, naye hali chakula. Mchuuzi mmoja aliyezunguka kupitia Kigoma alikuwa amemletea habari kwamba kijiji cha mama yake huko Rurambo kimechomwa na mama yake ameuawa. Ester alinyoa kichwa, akakaa matanga peke yake, akalala kitandani. Yulita aliandika: “Barua yako ya kusema mama yuko hai tulimsomea mara mbili. Alijibu, mume wangu ananionea huruma. Kama huyo mama yuko hai kweli, mlete tumuone. Maneno hayamwingii tena.”

Na mama alikuwa hai, nami nilikuwa nimeshamwandikia Ester hivyo mara tu niliposikia kijiji kimechomwa. Nyumba yake ilichomwa, hilo ni kweli, lakini yeye alikuwa msituni juu zaidi pamoja na ng'ombe. Aliyekufa ni mama mwingine wa kijiji cha chini, mwenye jina kama lake.

Kavimvira hadi Luvungi

Njia ya mkato ingekuwa kuvuka mpaka wetu huu na kupanda ndege Bujumbura. Ukisimama ufukweni hapa unaziona zikishuka. Wiki ile mpaka ulifungwa. Ikabaki kupanda bonde la Ruzizi kwa lori hadi Bukavu, kisha kuvuka kwenda Kamembe.

Kabla ya Luvungi tulikuta kizuizi. Askari alitushusha sote, akaniuliza kazi yangu.

“Mwalimu.”

“Unafundisha nini?”

“Hesabu.”

“Basi hesabu hawa watu.”

Nikawahesabu: thelathini na mmoja. Mwenzake naye akahesabu, akapata ishirini na tisa. Wakabishana. Nikaambiwa nirudie, nikarudia, kina mama wakipigwa na jua juu ya magunia yao ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mara ya nne mama mmoja akasema, “Baba askari, andika thelathini, twende.” Akaandika thelathini, tukaenda.

Luvungi ni kwetu. Nililala kwa dada yangu nikala bugali na sombe ya majani ya mihogo, na siku ya tatu mama mkwe, niliyemwitisha kwa mjumbe, akafika kwa miguu kutoka milimani, amesindikizwa na kaka yake. Alikuwa mwembamba, mrefu kunishinda, ana fimbo ya kuchungia mkononi na kibuyu cha samli kichwani. Nilimwona kwa sekunde moja tu, nikainamisha macho.

Ninyi wenyewe mnajua, lakini huenda daftari hili likasomwa na mtu wa mbali. Kwetu mukwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawakai wakielekeana, na mukwe hataji jina la mama mkwe hata kwa kiboko. Tangu nimwoe Ester, miaka minne, nilikuwa nimesikia sauti ya mama huyu nikiwa nyuma ya ukuta tu. Sasa nilipewa nisafiri naye.

Kaka yake alituita uani akasema, “Nitarudi kuangalia ng'ombe. Mukwe, huyu sasa yuko mikononi mwako.”

Mama, uso umegeukia ukuta, akamwambia kaka yake, “Muulize mukwe ni mbali kiasi gani.”

“Ni saa moja na nusu, Mama,” nikajibu, macho chini.

“Muulize, ni saa moja na nusu ya kutembea na ng'ombe au bila ng'ombe?”

Ngomo

Kutoka Kamanyola barabara inapanda mlima wa Ngomo kwa mikunjo ambayo ukiitazama kutoka chini unafikiri ni uzi uliotupwa ovyo. Lori letu lilibeba maharage na watu, na lilipanda likilia. Kwenye mkunjo wa tatu likachemka. Dereva akatuomba tushuke tulipunguzie uzito. Mama mkwe aliteremka akajitwika kibuyu, akaangalia mlima, akaanza kupanda.

Nilimfuata nyuma hatua ishirini, ndiyo adabu, lakini baada ya robo saa zikawa hatua mia mbili. Mama yule anapanda kama watu wengine wanavyoteremka. Lori likapoa, likawaka, likanipita, likachemka tena, nami nikalipita. Tulipofika juu alasiri, mimi na lori pamoja, wote tukitoa moshi, tulimkuta amekaa kwenye jiwe na fimbo magotini. Dereva alivua kofia.

“Mama, ningejua ningepakia maharage kichwani kwako.”

Mama hakucheka. Aliliambia jiwe, maana kaka yake hakuwepo tena wa kumtumia maneno, “Mukwe apumzike. Anahema vibaya.”

Usiku tulilala njiani kwa watu wema, yeye jikoni na wanawake, mimi chini ya lori. Kesho yake tukaingia Bukavu.

Kamembe

Hapa kosa ni langu, na nimeshaungama.

Karani wa ndege mjini Bukavu alikuwa mtu wa haraka, kalamu sikioni. Nilimuuliza kuhusu ndege ya Albertville. Akasema, “Iko kesho. Saa moja na nusu.” Nikafurahi. Nikajiambia, tazama, hesabu yangu na yake ni moja! Sikuuliza zaidi. Kwa kichwa changu alikuwa ananitajia urefu wa safari. Yeye alikuwa ananitajia saa ya kuondoka.

Kesho yake tulivuka daraja la Ruzizi taratibu, tukala ndizi sokoni, yeye upande huu wa mti na mimi upande ule, tukafika uwanjani Kamembe karibu saa tano. Uwanja ulikuwa mtupu. Mbuzi wawili walikuwa wanakula majani kando ya njia ya ndege. Mlinzi akaniambia ndege iliondoka asubuhi, na nyingine iko baada ya siku nne.

“Lakini niliambiwa saa moja na nusu!”

“Ndiyo. Ilienda saa moja na nusu. Haikukawia hata kidogo.”

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Siku nne. Barua ya Yulita ilikuwa mfukoni, nami nilikuwa nimeshaisoma hadi mikunjo ikaanza kupasuka. Nikamfikiria Ester amelala, kichwa kimenyolewa, akiamini ninamdanganya, na mama yake amekaa hapa mbele ya mbuzi kwa sababu mwalimu wa hesabu hakuuliza swali la pili. Nililia, ndugu zangu. Sioni haya kuliandika.

Mama mkwe aliona. Akakiambia kibuyu chake, “Mukwe asilie. Ng'ombe akipotea, mtu hulala, kesho anamtafuta.”

Mtu wa tatu aliyekuwa amekosa ndege siku ile alikuwa mchuuzi wa vitambaa, mwenyeji wa Kasongo, Mama Zaituni. Alikuwa mnene, mcheshi, ushungi wa kijani, na masanduku mawili ya vitenge. Alitutazama tulivyokaa, mimi nimempa mgongo mama na mama anaongea na kibuyu, akaniuliza, “Mwalimu, mumegombana?”

Nikamweleza. Akapiga makofi. “Basi miye nitakuwa katikati! Kibuyu kipumzike.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa siku nne, kwenye chumba cha wasafiri karibu na uwanja, Mama Zaituni alikaa kati yetu. Alimpikia mama pilau, naye mama akaionja kwa mashaka kisha akaimaliza. Alinipelekea mimi sahani yangu nje. Mmoja Mwislamu, mmoja Mprotestanti, mmoja Mkatoliki, na kila chakula kiliombewa mara tatu kabla ya kuguswa. Nadhani hakikuwahi kuwa na hatari ya kutudhuru.

Siku ya ndege tulifika saa kumi na moja alfajiri. Mwandishi wa majina akaniuliza, “Huyu mama ni nani wako?”

“Mama mkwe.”

“Jina lake?”

Nikanyamaza.

“Jina la mama.”

“Siwezi kulisema.”

“Hulijui?”

“Nalijua sana.”

Akaweka kalamu chini. Mama naye hajui Kiswahili cha ofisini, alikuwa amegeukia ukuta kwa adabu. Machoni mwa yule bwana nilikuwa kijana anayempeleka mama wa watu mbali bila kujua jina lake, na mama mwenyewe hataki hata kunitazama. Akamwita mlinzi. Hapo ndipo uvumi wa kuteka ulipozaliwa, nadhani. Mama Zaituni akajisukuma mbele, akatega sikio, mama akamnong'oneza, naye akalitangaza jina kwa sauti ya kusikika hadi mjini Cyangugu. Nilijiziba masikio kwa heshima. Mwandishi akaandika huku akitikisa kichwa.

Juu ya ziwa

Ilikuwa ndege ya mizigo. Hakukuwa na viti vya safu kama nilivyowaza. Kulikuwa na mabenchi mawili ya chuma, moja kila upande, yanatazamana, na magunia ya chumvi yamejaa nyuma. Nilipoingia, mama alikuwa ameshafungwa mkanda upande wa kushoto. Nafasi iliyobaki ilikuwa upande wa kulia, mbele yake kabisa, goti kwa goti. Nikasema nitasimama. Rubani, mzungu mwenye ndevu nyekundu, akanikalisha kwa kunishika mabega.

Basi mama akavuta nguo yake ikamfunika kichwa na uso wote, akakaa hivyo kama mzigo mwingine. Mimi nikafumba macho. Mama Zaituni, pembeni yangu, alicheka hadi injini zilipomzidi sauti.

Baada ya muda nikageuza shingo kwenye dirisha. Ndugu zangu, niliiona Uvira yetu. Mto Ruzizi ukimwagika ziwani kwa matope, mabati ya Kavimvira, bandari, na mlima nyuma yake umesimama wima. Nilisahau adabu nikapiga kelele, “Mama, milima ya kwenu hiyo!” Akafunua jicho moja. Akaangalia kwa muda mrefu, huku akinyoosha kidole chembamba kuelekea kioo cha upande wangu, kana kwamba anahesabu.

“Zaituni,” akasema, “mwulize mukwe, ng'ombe zetu zinatuona?”

Kusini mawingu yalijaa. Hata hivyo tulipokaribia Albertville yalipasuka, tukaona mji, reli ikiingia bandarini, uwanja wa ndege kando ya maji. Nikatazama saa. Saa moja na dakika ishirini. Moyo wangu ukaanza kuimba. Ndege ikashuka, ikashuka zaidi, halafu ghafla ikainua pua.

Njia ya ndege ilikuwa imejaa mapipa. Askari wa pale, kwa hofu ya waasi kuletewa watu kwa ndege, walikuwa wanayapanga mapipa kila mahali ikiwa hawajapata taarifa, na taarifa yetu haikuwa imewafikia. Tulizunguka mara tatu. Niliwaona watu wamesimama wametuinulia nyuso, hakuna aliyegusa pipa.

“Ni hapo alipo binti yangu?” mama akauliza. Safari hii hakumtumia mtu. Aliniuliza mimi.

“Ni hapo, Mama.”

“Basi tushuke.”

Rubani aligeuka akapaza sauti kwamba nyuma mawingu yamefunga na mafuta hayaruhusu kuzunguka tena, anakwenda Kamina kwenye uwanja mkubwa wa jeshi. Nilijua ramani. Kamina ni zaidi ya kilomita mia tano kutoka pale, kuelekea machweo. Ndege ikageuka, mji ukaingia chini ya bawa, na mama akajifunika tena.

Kamina

Pale Kamina tuliposhuka na kusema tumetoka upande wa Uvira, bunduki zikainuka. Wakati ule mtu akisikia Uvira alisikia waasi. Sisi watatu tulitengwa na abiria wengine wawili, tukakalishwa kwenye banda la bati siku nzima, na kesho yake tena. Walifungua kibuyu cha samli wakachovya kijiti hadi chini kutafuta risasi. Mama alitazama kile kijiti kwa namna ambayo yule askari alikipangusa vizuri kabla ya kukirudisha.

Sajini aliyetuhoji alizungumza Kilingala, nami sikijui. Alininyooshea kidole, akamnyooshea mama.

“Mama mkwe,” nikasema. “Mama wa bibi yangu, Ester.”

Hakuelewa. Akakunja uso. Nikajaribu Kifaransa cha shule, lakini nadhani niliharibu, maana aliandika kitu na kukipigia mstari. Ndipo Mama Zaituni, aliyekuwa anasinzia juu ya sanduku, akafumbua macho akasema neno moja:

“Bokilo.”

Sajini akainua kichwa. “Bokilo?” Akanitazama mimi, akamtazama mama aliyegeukia bati. Kumbe ndilo neno lao la ukwe, na huko kwao pia mtu na bokilo wake hawachezi. Akauliza kwa Kiswahili kibovu, pole pole, “Weye... na bokilo yako... siku ngapi?”

Nikahesabu vidole. “Tisa.”

Yule mtu aliweka bunduki ukutani. Akakaa kwenye pipa akacheka, lakini kicheko cha huruma, akijifuta macho. Akasema yeye alipotembelewa na bokilo wake alilala kwa rafiki siku tatu, na bado alikonda. Kisha akasikiliza habari ya Ester yote, Mama Zaituni akitafsiri, na habari ilipofika pale ambapo mgonjwa haamini kwamba mama yake yuko hai, sajini aliacha kucheka. Alisimama akatoka. Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe kutupakia kwenye treni ya mizigo ya Kabalo. Alimwinamia mama kwa mbali, akanipa mkate wa jeshi.

“Kwenda, mwalimu,” akasema. “Hii ni mateso inatosha.”

Reli

Behewa letu lilikuwa la mbao, wazi milango, na nusu yake mahindi. Treni ile ilikuwa inatembea kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Tulisimama kungoja kuni, kungoja maji, kungoja habari ya kituo kilicho mbele. Watu wa vijijini walituletea mihogo ya kuchemsha na samaki wa Lualaba waliokaushwa kwa moshi, wanauliza kule tutokako kumetulia, na sisi tunawauliza wao kule twendako kumetulia.

Siku ya pili nikaanza kutetemeka. Malaria. Nakumbuka kituo cha Kabalo kama mtu anavyokumbuka ndoto: mto mkubwa, kelele, Mama Zaituni akibishana na mtu kuhusu behewa. Baada ya hapo sikumbuki kitu, ila joto.

Niliyoyajua baadaye nilisimuliwa na Mama Zaituni. Alisema nilikuwa naita jina la Ester na kutapika. Alinishikia maji, sikumeza. Mama mkwe alikuwa kwenye kona yake amegeukia mbao, kama kawaida. Halafu akasimama. Alivuka behewa, akakaa, akachukua kichwa changu akakiweka mapajani mwake.

“Mama, na ule mwiko?” Zaituni alimuuliza.

“Mgonjwa hana ukwe,” akajibu. “Huyu ni mtoto.”

Siku mbili alininywesha uji kwa kidole, na samli ya Ester, ile aliyoibeba tangu milimani, akanipaka kifuani. Nilipofumbua macho nikiwa na akili zangu, kitu cha kwanza nilichoona ni uso wake juu yangu, mzima, karibu kabisa. Ndugu zangu, ni uso wa Ester. Uso ule ule, umeongezwa miaka na upepo wa milima. Nikataka kufumba macho.

“Kunywa kwanza,” akasema. “Utaona haya ukipona.”

Nilipopata nguvu ya kukaa, hakurudi kwenye kona yake kabisa. Alikaa ubavu, amenipa bega, na tukaanza kuongea, bila kibuyu, bila Zaituni. Akaniuliza Ester alianza lini kuacha kula. Akaniuliza kama ni mimi niliyemruhusu kwenda kazini mbali hivyo. Nikasema ndiyo.

“Mimi pia nilimruhusu aende shule,” akasema. “Tumefanya sote wawili.”

Mahali pamoja daraja lilikuwa limevunjwa na bado halijamalizika kutengenezwa. Tulishuka, tukavuka kwa miguu juu ya mbao, abiria na mizigo, hadi treni nyingine iliyongoja ng'ambo. Mimi miguu haikunibeba vizuri. Mama alinishika kiwiko tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho. Nyuma yetu masanduku ya vitenge yalipita juu ya vichwa vya wanaume wanne, na Mama Zaituni akiwatisha kwamba likianguka moja ataruka kulifuata.

Albertville

Tuliingia asubuhi ya siku ya kumi na nane. Tuliagana na Mama Zaituni stesheni. Alimkumbatia mama, naye mama, ambaye sikuwahi kuona akimkumbatia mtu, alimshika mashavu kwa mikono miwili. Akampa Zaituni fimbo yake. Mchuuzi wa vitambaa akaenda sokoni akiwa na fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Hospitali iko mlimani kidogo. Tulipanda pole pole kwa sababu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ila moja, na lile moja sikuthubutu kuliwaza. Mlangoni mwa wodi ya wanawake tulikutana na Yulita amebeba beseni. Alinitambua, akamtazama mama aliyekuwa nyuma yangu, na beseni likamponyoka likaanguka kwa kishindo.

“Yupo?” nikauliza.

“Yupo. Jana alikunywa maji tu.” Akamnyooshea mama kidole. “Ni yeye huyu? Kweli ni yeye?”

Wanaume hawaruhusiwi kuingia wodi ile. Nilibaki kizingitini, nikashika mwimo wa mlango. Kitanda cha Ester kilikuwa cha tatu. Alikuwa amelala upande, tumbo limetokeza chini ya shuka, na mengine yote yake yamekwisha. Shingo ilikuwa nyembamba kama mkono. Kichwa kilikuwa kimenyolewa ovyo, hapa upara, pale vinyweleo.

Mama alitembea hadi kitandani akasimama. Ester akafungua macho. Hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja katika ndoto, asiyetaka kusogea asije akajiamsha mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Mama hakuwa na maneno yaliyotungwa. Aliinama, akageuza kile kichwa huku na huku kwa vidole vyake, akakichunguza.

“Nani amekunyoa vibaya hivi?” akauliza.

Ester akajigusa kichwa. “Nilijinyoa mwenyewe.”

“Inaonekana. Nyuma huku umeacha shamba zima.”

Ndipo Ester aliposhika mkono wa mama yake, akaunusa. Akaunusa kiganja, akaunusa kifundo, moshi na maziwa na ng'ombe, vitu ambavyo hakuna barua inayoweza kubeba. Akatoa sauti moja ambayo sitaiandika. Wagonjwa wa vitanda vingine wakaanza kulia bila kujua kisa. Yulita alikuwa analia juu ya beseni lake.

Nilijikokota nikakaa kwenye ngazi za nje, jua likanipiga usoni. Sijui nilikaa muda gani. Sikuwa nawaza kitu. Nilikuwa nasikiliza sauti mbili za lugha ya milimani zikipokezana ndani, moja nzito, nyingine dhaifu, kisha zote zikanyamaza.

Yulita akatoka mbio, kilemba kimekaa upande.

“Mwalimu! Ester anasema ana njaa. Anataka bugali na ndagala, na anataka sasa hivi. Anasema usikae hapo kama mgeni.”

Nikainuka. Homa ilikuwa bado magotini, lakini ule mteremko wa kwenda sokoni niliushuka nikikimbia.